Zabibu za Dodoma: Mwenye tangi la baridi ndiye mwenye bei

Na Mwandishi Wetu, Dodoma

KATIKA biashara ya zabibu za Dodoma kuna watu wengi wenye mashamba, watu wachache wenye matangi, na wachache zaidi wenye matangi yanayopoozwa. Ukitaka kujua bei ya zabibu inapangwa na nani, anza kuhesabu kutoka mwisho wa orodha hiyo.

Makala haya yanaeleza jinsi mvinyo mweupe mkavu unavyolimwa, unavyotengenezwa na unavyoonjwa. Mvinyo mkavu ni ule ambao sukari ya zabibu karibu yote imegeuka kilevi, na wauzaji wa baa huuita "drai". Tumeuchagua kwa sababu ya kibiashara. Kati ya aina zote zinazotoka Uwanda wa Kati, huu ndio unaoonyesha waziwazi pesa inapopotea na pesa inapopatikana.

Mteja amebadilika

Miaka ya nyuma Chimwaga, upande wa mashariki wa Dodoma, ilijulikana kwa ukumbi wa mikutano wa CCM. Wajumbe walikuja, kama walivyokuja mwaka 2005 kumteua Jakaya Kikwete kuwa mgombea urais, wakanunua, wakaondoka. Biashara ya vinywaji ilipanda na mkutano na ikashuka na mkutano. Mwaka 2007 Chuo Kikuu cha Dodoma kikaanza eneo hilo. Julai 2016 ikatangazwa kuwa Serikali yote inahamia Dodoma, na Aprili 2018 mji ukapewa hadhi ya jiji. Tangu katikati ya mwaka 2024 treni ya umeme inabeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma.

Maana yake kwa mwenye duka ni kwamba mteja wa mshahara sasa anaishi jirani na shamba la zabibu. Huyu ni mteja ambaye ameonja mvinyo wa Afrika Kusini kwenye hafla na anajua tofauti ya mtamu na mkavu. Hanunui chupa ya Dodoma kwa kuwahurumia wakulima. Atainunua mara ya pili ikiwa ya kwanza ilikuwa nzuri.

Mzabibu usio na majira ya baridi

Zabibu za Dodoma zilianza kama shughuli ya kanisa. Wamisionari wa Kikatoliki walipanda mizabibu Bihawana kwa ajili ya divai ya misa. Baadaye Serikali ikaingia, kilimo kikasambaa vijijini, na kampuni ya umma ya DOWICO ikawa mnunuzi mkuu. DOWICO ilipoanguka, mkulima alijifunza somo ambalo mpaka leo halijazeeka: kumtegemea mnunuzi mmoja ni sawa na kutokuwa na soko. Wengi waliyaacha mashamba.

Kwa aina nyeupe, zabibu inayotajwa zaidi Dodoma ni Chenin Blanc. Asili yake ni bonde la mto Loire nchini Ufaransa, na leo nchi inayoilima kwa wingi kuliko zote ni Afrika Kusini. Sifa yake kuu ni kwamba inatunza uchachu hata kwenye jua kali. Sifa hiyo ndiyo inayoifaa Dodoma, kwa kuwa mvinyo mweupe usio na uchachu hupooza mdomoni kama maji ya sukari yaliyokwisha nguvu. Kwa aina nyekundu, wakulima wanayo zabibu iliyochukua jina la Makutupora, mahali penye kituo cha utafiti wa zabibu ambacho sasa kiko chini ya taasisi ya utafiti wa kilimo, TARI.

Ulaya mzabibu hulala wakati wa baridi na kuamka majira ya kuchipua, hivyo mavuno ni mara moja kwa mwaka. Dodoma, iliyo zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari lakini karibu na Ikweta, haina baridi ya kuulaza. Mzabibu unaamshwa na mkasi. Mkulima akipogoa leo, baada ya miezi minne hadi mitano anavuna. Ndiyo maana mavuno huwa mawili: moja mwanzoni mwa mwaka, kuanzia Februari, na jingine wakati wa kiangazi, Agosti na Septemba.

Mavuno haya mawili si bidhaa moja, na mnunuzi asiyejua hilo atadanganywa. Zabibu za masika hukua kwenye mvua. Hunywa maji mengi, sukari hupungua, na ukungu na ubwiri hushambulia vishada. Zabibu za kiangazi hukua kwenye hewa kavu, na usiku wa Juni na Julai joto la Dodoma hushuka hadi karibu nyuzi 13 au 14. Usiku wa baridi huhifadhi uchachu na harufu ndani ya punje. Anayetaka mvinyo mweupe mkavu wenye harufu nzuri atafute zabibu za kiangazi.

Tatizo ni kwamba kiangazi kinahitaji umwagiliaji. Mvua za Dodoma ni chache, kati ya milimita 500 na 600 kwa mwaka, na hunyesha karibu zote kati ya Desemba na Aprili. Visima vya Makutupora ndivyo vinavyolisha jiji, na jiji linakua. Mwekezaji mdogo anayeonyeshwa shamba la bei nafuu aulize maji kwanza, halafu aulize kama maji hayo yana chumvi. Ardhi bila maji huko ni nusu ya biashara, na ni ile nusu mbaya. Asisahau pia kuuliza habari za mchwa, ambao ni adui wa siku nyingi wa mizabibu ya Dodoma.

Hesabu ya sukari

Bei ya haki ya zabibu za mvinyo haipimwi kwa kilo peke yake. Inapimwa kwa kilo na sukari. Wenye viwanda hutumia kifaa kidogo cha mkononi: tone moja la juisi, unaangalia kwenye mwanga, unasoma kiwango kwa vipimo vya Briksi. Kipimo cha 21 maana yake ni kwamba katika gramu 100 za juisi, karibu 21 ni sukari.

Zidisha namba hiyo kwa 0.55 na utapata makadirio ya kilevi. Zabibu za 21 zitatoa mvinyo wa karibu asilimia 11.5. Zabibu za 16, zilizonyeshewa au zilizovunwa mapema kwa sababu mkulima alikuwa na shida ya ada za shule, zitatoa karibu asilimia 8.8. Mvinyo huo ni mwepesi na huharibika haraka, labda mwenye kiwanda aongeze sukari ya dukani. Kwa hiyo anayeuza zabibu za 21 kwa bei ile ile ya zabibu za 16 anampa mnunuzi zawadi. Kifaa hicho hakina gharama kubwa, na kikundi cha wakulima kinachokimiliki kinaingia kwenye mazungumzo na namba yake mkononi.

Upande wa wingi, tani moja ya zabibu nyeupe hutoa kati ya lita 600 na 650 za mvinyo uliosafishwa. Kwa lita 650 unapata chupa 866 za mililita 750. Kwa maneno mengine, kila chupa mezani imekula kilo moja na zaidi kidogo ya zabibu. Tuchukue mfano wa kufanyia hesabu tu, ambao si bei ya soko: kilo ikiwa Sh. 1,000, zabibu zilizomo kwenye chupa ni kama Sh. 1,150. Msomaji alinganishe na bei ya chupa kwenye rafu ya duka lake. Tofauti hiyo ndiyo malipo ya chupa, kizibo, lebo, usafiri, kodi, faida na, zaidi ya yote, ubaridi.

Saa kumi na mbili za kwanza

Mvinyo mwekundu huchachuka pamoja na maganda yake, na maganda hutoa rangi na ukakasi ambao hufunika makosa mengi. Mvinyo mtamu nao hufunika makosa kwa sukari. Mweupe mkavu hauna pa kujificha. Kila uzembe wa shambani na kiwandani utaukuta kwenye glasi.

Kazi huanza alfajiri, kabla jua halijapasha vishada. Zabibu huwekwa kwenye kreti zisizo na kina kirefu. Zikijazwa kwenye viroba, za chini hupasuka, juisi huanza kuchachuka njiani, na maganda yaliyopondeka huachia ukakasi. Zikifika kiwandani hupondwa na kukamuliwa mara moja, taratibu, na maganda kuondolewa. Juisi hutiwa dozi ndogo ya dawa ya salfa inayozuia vijidudu na kuzuia juisi isigeuke kahawia, kama tufaha lililokatwa linavyogeuka. Halafu huachwa kwenye ubaridi usiku kucha ili tope lizame chini.

Hapo ndipo hamira huingia. Hamira hula sukari na kutoa kilevi, hewa ya kaboni na joto. Joto hilo ndilo adui. Mvinyo mweupe wenye harufu unatakiwa kuchachuka kati ya nyuzi 12 na 16, kazi ambayo huchukua wiki mbili hadi tatu. Tangi kubwa lisilopoozwa, katika jengo la bati, mchana wa Dodoma, litapita nyuzi 30 bila shida. Uchachukaji utakwisha kwa siku chache na mvinyo utapatikana, lakini harufu ya maua na matunda itakuwa imepaa hewani pamoja na hewa ya kaboni. Kinachobaki ni kilevi chenye rangi ya majani makavu.

Sukari ikishaisha, mvinyo huhamishwa kutoka kwenye masimbi ya hamira, hutulizwa, husafishwa kwa udongo laini uitwao bentoniti, huchujwa na kutiwa kwenye chupa. Kwa viwango vya Ulaya mvinyo huitwa mkavu ukiwa na sukari isiyozidi gramu 4 kwa lita, au hadi gramu 9 ikiwa uchachu ni mwingi wa kuibeba sukari hiyo.

Sasa msomaji aone mnyororo wa thamani ulivyo. Zabibu mbivu iliyokatwa ni bidhaa ya siku moja au mbili. Juisi iliyochachushwa ambayo bado haijatiwa kwenye chupa, ile ambayo Dodoma nzima inaiita "mchuzi wa zabibu", hukaa miezi ikiwa tangi ni safi, limejaa na ni la baridi. Mvinyo ndani ya chupa hukaa mwaka na zaidi. Kila hatua humwongezea muuzaji muda wa kusema "hapana" kwa bei mbaya. Mkulima mwenye kreti za zabibu juani hana muda huo, na dalali anayemsubiri barabarani anajua.

Kwa nini bei huporomoka wakati wa neema

Wakulima wengi hupogoa kwa wakati mmoja, kwa kufuata mvua. Miezi minne baadaye zabibu za vijiji vyote huiva pamoja. Matangi ya viwanda hujaa katika wiki chache, na baada ya hapo kilo inayofuata haina pa kwenda. Hapo bei haishuki taratibu kama ya mahindi, ambayo mtu anaweza kuyahifadhi ghalani. Inaanguka. Zabibu za mvinyo hazina ghala. Ghala lake ni tangi.

Kwa hiyo wito wa kupanda mizabibu zaidi, usipoandamana na matangi, ni wito wa kushusha bei. Miradi ya pamoja kama Chinangali, Wilaya ya Chamwino, iliyoanza na umwagiliaji wa matone na mkopo wa benki, ilionyesha kwamba kupanda na kumwagilia si kazi yote. Mkopo hulipwa kwa zabibu zilizouzwa, siyo kwa zabibu zilizoiva.

Dawa ya kwanza ni ya bure. Wenye umwagiliaji wapishane katika kupogoa, ili mavuno yagawanyike kwa wiki nyingi badala ya kujazana. Dawa ya pili ni ya mtaji, nayo ni matangi ya pamoja, ambapo kikundi kinakamua zabibu zake na kuuza mchuzi kwa wenye viwanda vikubwa vya kutia kwenye chupa, kama Tanzania Distilleries, watengenezaji wa Konyagi, ambao pia huuza mvinyo wenye jina la Dodoma. Wapo pia watengenezaji wa hapo hapo, wakiwamo CETAWICO na Alko Vintages. Wanunuzi wanapokuwa watatu badala ya mmoja, lugha ya mazungumzo hubadilika.

Kodi inayolinda zabibu

Mfanyabiashara asiyesoma sheria ya fedha anafanya kazi gizani. Tanzania imekuwa ikitoza ushuru wa bidhaa kwa viwango viwili tofauti kulingana na asili ya zabibu. Katika mwaka wa fedha 2017/18, mvinyo wenye zabibu za ndani kwa zaidi ya asilimia 75 ulitozwa Sh. 200 kwa lita. Mvinyo wenye zabibu za nje kwa zaidi ya asilimia 25 ulitozwa Sh. 2,349 kwa lita. Kwa chupa ya mililita 750 hiyo ni Sh. 150 dhidi ya Sh. 1,762 hivi.

Pengo hilo la zaidi ya Sh. 1,600 kwa chupa ni ukuta unaomlinda mkulima wa Hombolo na Mpunguzi, na pia ni motisha kwa kiwanda kununua zabibu za nyumbani. Viwango hupitiwa kila bajeti, hivyo kabla ya kuingiza mtaji hakikisha una sheria ya mwaka husika. Biashara inayosimama kwa sababu ya ukuta peke yake ni biashara inayolala macho kila Juni.

Tangu Januari 2019 chupa za mvinyo zinatakiwa kuwa na stempu ya kodi ya kielektroniki, na tangu mwaka huo huo usimamizi wa ubora wa vyakula na vinywaji uko TBS. Mwenye duka anayepokea chupa bila stempu kwa sababu ni rahisi kidogo anajinunulia kesi.

Namna ya kuonja kabla ya kulipa

Mnunuzi wa jumla hana sababu ya kuamini lebo. Achukue chupa moja ya mzigo, aipoze hadi nyuzi 8 au 10, amimine kidogo kwenye glasi safi isiyo na harufu ya sabuni, kisha afanye mambo manne.

Kwanza, atazame. Mvinyo mweupe mchanga unatakiwa kung'aa, wenye rangi ya manjano hafifu, wakati mwingine na ukijani kwa mbali. Rangi ya chai ya rangi ni dalili kwamba umeingiwa na hewa au umepikwa na joto.

Pili, anuse, azungushe glasi, anuse tena. Chenin nzuri hutoa harufu ya tufaha, limau, pera lililoiva, na asali kwa mbali. Harufu ya siki ni ugonjwa usiopona. Harufu ya kiberiti kilichowashwa huweza kutoweka baada ya dakika chache. Ya yai viza ikibaki, mzigo urudi. Harufu ya boksi lililolowana hutokana na kizibo kibovu.

Tatu, aonje na kutembeza mdomoni. Ncha ya ulimi isikutane na utamu. Mate yakijaa pembeni, uchachu upo. Koo likiungua, kilevi kimezidi mwili wa mvinyo. Nne, ateme na ahesabu: ladha nzuri hubaki kinywani sekunde kadhaa baada ya mvinyo kuondoka. Ikikatika mara moja, hiyo ni bidhaa ya bei ya chini, na inunuliwe kwa bei ya chini. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Mzigo ukishanunuliwa, usiharibiwe dukani. Chupa zenye kizibo cha gome zilazwe, zile za mfuniko wa kuzungusha zinaweza kusimama. Zote zikae mbali na dirisha na mbali na bati. Mvinyo mweupe mkavu wa aina hii unauzwa ukiwa mchanga. Nunua wa kutosha miezi michache, zungusha mtaji, nunua tena. Anayelimbikiza akidhani mvinyo wote huongezeka thamani kwa uzee atabaki na siki ya gharama kubwa.

Pa kuweka shilingi

Mwekezaji mdogo hahitaji kununua shamba ili kuingia katika biashara hii. Ekari ya mizabibu inataka nguzo, waya, maji, dawa za ukungu na subira ya miaka miwili hadi mitatu kabla ya mavuno ya maana. Hisa katika tangi la kikundi, mashine ya kupooza inayokodishwa msimu wa mavuno, kreti za kukodisha kwa siku, gari linalobeba zabibu alfajiri badala ya saa sita mchana: hizi ni huduma zinazolipwa msimu ule ule, na zote zinagusa mahali penye upungufu.

Kabla ya kutoa fedha, uliza maswali matatu. Tangi lina ujazo gani na linapoozwa kwa umeme upi, na umeme ukikatika kuna nini? Mchuzi umeahidiwa kwa nani, na je, ahadi hiyo imeandikwa? Na zabibu zitakazolijaza zinapimwa sukari, au zinapimwa kilo tu?

Mwenye mradi akijibu yote matatu bila kubabaika, zungumza naye bei. Akianza kukuonyesha ukubwa wa shamba, mshukuru na uage.